Joka Lililotukaribisha Chakula

Niliondoka Riyadh kwa sababu ya joka ambalo halipo. Linaishi ndani ya mchezo wa kompyuta ninaoucheza mtandaoni na Hamadi, Mzanzibari anayetengeneza simu mtaa wa Sharafiya, Jeddah. Kila Ijumaa tulifika pangoni mwake, na kila Ijumaa likatugeuza mkaa. Ngano za mchezo huo zinasema joka humchoma mwenye dharau. Hamadi aliamua mwenye dharau ni mimi.

"Maswali yako yamezidi," alilalamika kwenye simu. "Nani kalizaa? Mbona moto hauliunguzi ndevu? Njoo tucheze pamoja nikuone. Tukifa tena, halas, natafuta mwenzi mwingine."

Sina rafiki mwingine Saudia anayevumilia maswali yangu. Alhamisi jioni nikapanda basi.

Asubuhi, karibu na Taif, tulisimama kunyoosha miguu. Nyani walikaa ukingoni mwa barabara wakitukagua kama maofisa wa ikama, vibali vya ukaazi. Mmoja akaninyang'anya mkate wa mayai, kifungua kinywa changu chote, akaondoka bila haraka.

Jeddah ilinipokea kwa joto la jasho. Mke wa Hamadi aliweka sinia la wali wa nazi na pweza.

"Karibu, shemeji."

"Asante, nimeshiba," nikasema, nikingoja kulazimishwa kama inavyopasa.

"Umeshiba nini, hewa ya basi?"

"Keshasema kashiba, mwondolee," Hamadi akadakia, macho kwenye kioo cha kompyuta. "Tucheze kabla ya sala ya Ijumaa."

Sinia likaondoka. Nililisindikiza kwa macho hadi jikoni.

Pangoni tulifanya kama kawaida: tukaweka panga chini, tukasalimu. Joka likafungua jicho moja, likatusogezea sahani ya nyama. Kwenye kioo tukaulizwa: mnakula au mnakataa? Kidole cha Hamadi kikaelekea kukataa, kama kila wiki.

"Ngoja. Kwani huwa tunakataa kwa nini?"

"Adabu, bwana wee! Uvamie chakula cha watu kwa karibu ya kwanza?"

"Nani alikuambia joka ni Mzanzibari?"

Mimi nilikuwa na njaa ya kweli. Nikabonyeza kula.

Joka likacheua, likajisogeza pembeni, na njia ikafunguka. Hamadi alipiga kelele hadi mkewe akaja mbio na mwiko.

"Kumbe dharau ilikuwa hiyo 'nimeshiba' yako!" nikamwambia Hamadi.

"Na yako wewe?" shemeji akaniuliza. "Nimeamka alfajiri kukuna nazi!"

Sinia likarudi. Safari hii sikuulizwa.

Jumamosi nikarudi Riyadh, bado mwenzi wa Hamadi, bado siamini majoka, na swali la ndevu halijajibiwa. Lakini kuhusu kukaribishwa nilikuwa nimejifunza. Jirani yangu kwenye basi alipofungua mfuko wa sambusa na kusema "Karibu," nilichukua mbili kabla hajafunga mdomo.

Alichungulia mfukoni kuhesabu zilizobaki. Nadhani alitarajia nikatae.