Bwana Mkubwa Ndani ya Takia

Mpaka leo nikisikia harufu ya vidonge vya nondo, vile vya kulinda nguo, mgongo wangu hunyooka wenyewe kama nimeitwa na askari wa bandarini. Wajukuu zangu hunicheka. Wao wananusa kabati tu. Mimi, wenzangu, namwona Mzungu ananitolea macho kutoka ndani ya takia.

Tulikuwa tukikaa Matrah, jirani na Maskati kule Oman, nyuma ya soko, miaka michache baada ya kukimbia mapinduzi ya Unguja, katika uchochoro mwembamba kiasi kwamba punda akikutana na mtu mnene, mmoja wao lazima arudi alikozaliwa. Nyumbani tulikuwa watatu: baba yangu, karani katika duka la mfanyabiashara mmoja; bibi yangu mzaa mama, Bi Zuwena; na mimi, msichana wa miaka saba mwenye maneno ya mtu wa sabini. Mama alifariki Unguja nikiwa mdogo kiasi cha kutoikumbuka hata sauti yake. Picha yake hatukuwa nayo. Siku ya kuondoka kila mtu alichukua alichokikamata, na Bibi akaacha masufuria ya shaba na cherehani nzima, akakamata boksi la mabandia.

Unguja Bibi alikuwa fundi wa kushona. Mke wa Mzungu mmoja wa serikalini alimpa kazi ya kutengeneza watoto wa bandia wa kitambaa, urefu wa shibiri, wauzwe kwa wageni wa melini kama ukumbusho. Ukoloni mzima ulikuwa ndani ya boksi moja. Alikuwamo Bwana Mkubwa na kofia yake ya manyoya na upanga wa bati, mkewe na mwavuli, Bwana Shamba na kaptura yake, soksi mpaka magotini, padri, nesi, na yaya wa Kiswahili, kajifunga kanga, kabeba kitoto cha Kizungu cheupe kama tui. Nilipokuja kusoma skuli ya usiku, mwalimu alitueleza habari za makoloni kwa kirefu, na mimi nikakaa kimya kwa adabu, maana watawala wote hao nilikuwa nimeshawavua suruali.

Seti hiyo ndiyo ya mwisho; Mzungu aliondoka bila kuja kuichukua. Bibi aliwapanga ukutani kila jioni. “Wamenitawala maisha yangu yote,” alikuwa akisema, “leo mimi nikiwaambia lala, wanalala.” Mimi nilikuwa mtu wa Bwana Mkubwa. Kutwa nimemshika yeye, nachezea upanga wake, namzungusha nyumba nzima akikagua vyungu.

Sasa mjue, Maskati ya kabla ya mwaka wa sabini haikuwa hii ya taa na barabara. Usiku ukitoka bila fanusi unakamatwa, unalala korokoroni. Na sisi tuliotoka Afrika hatukutakiwa sana. Tulikaa kwa sababu mzee mmoja jirani, Mzee Nasor, alisimama mbele ya liwali akasema, hawa ni watu wangu, nawajua. Akilirudisha neno lake, tunarudishwa melini, na meli yenyewe ingetushusha wapi, hakuna aliyejua.

Basi mwanamke aliyetuletea maji akamwona Bibi anawaanika mabandia juani. Kufika magharibi, uchochoro mzima unasema Wazanzibari wana masanamu ndani, wanayaogesha, wanayavisha. Nadhani hata mbuzi walikuwa wakilizungumza. Kesho yake ikaja salamu: Bi Ghania, mke wa Mzee Nasor, atatutembelea baada ya alasiri.

Baba alikuwa anafunga kilemba. Kilikaa upande, akakiacha hivyo hivyo. “Mama, vichome hivyo,” alisema.

“Vitachomwa, mwanangu.”

“Leo, Mama.”

“Nimekwambia vitachomwa. Nenda kazini.”

Baba alipopinda kona tu, Bibi akafumua takia letu kubwa, akawazika mabandia mmoja mmoja katika usufi, akalishona tena haraka haraka. Nilihisi salama kama mfalme. Kumbe wote wawili tulisahau jambo ambalo mtoto yeyote wa Matrah analijua: mgeni wa heshima hupewa takia kubwa.

Bi Ghania aliingia, mpana, mtulivu, macho yanafanya kazi kuliko mdomo. Utotoni aliishi Pemba, Kiswahili chake na Kiarabu vilikuwa vimeshaoana na kuzaa. Akakaa. Akaegemea.

Uso wa Bibi ulikuwa rangi ya majivu. Tende zikaliwa, kahawa ikamiminwa. Bi Ghania akajisogeza. Akajisogeza tena. “Usufi wenu una mifupa?” aliuliza, na mimi nikajua huo ni upanga.

“Wa Unguja huo,” Bibi alisema. “Mgumu.”

“Na harufu hii?”

Ni vile vidonge vya nondo Bibi alivyowatilia mabandia wasiliwe na wadudu, vilikuwa vinapumua kutoka ndani ya takia. Bibi akanikonyeza. “Lete chetezo, mwanangu, tumfukizie mgeni.” Kwetu Unguja mgeni ukimfukizia udi umemkaribisha. Nikaja mbio, chetezo kinatoa moshi, nikakiweka mbele yake.

Bi Ghania akakitazama. Hapo ndipo tulipokosea. Oman udi huletwa mwisho. Ukishapita, mgeni huaga.

“Kahawa hata sijaimaliza,” alisema polepole. “Mnanifukuza, Zuwena?”

“Hasha! Wallahi Bi Ghania, kwetu sisi—”

Lakini alikwisha kasirika. Akakandamiza takia kwa kiganja ili ainuke, na uzi wa haraka haraka ukaachia. Ikatoka kofia ya manyoya. Halafu kichwa. Bwana Mkubwa akawa anatutazama.

Niliusikia udi ukiungua.

Bi Ghania akamvuta mzima mzima. “Yamo mangapi?”

“Yamo yote humo,” Bibi alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, sijapata kuisikia hivyo.

Bi Ghania akakaa tena. Alimgeuza Bwana Mkubwa, akatazama mishono, kwa muda mrefu. “Mume wangu ataniuliza leo leo, na mimi simdanganyi. Nikitoka hapa na haya yana macho, nimeona masanamu. Yakiwa hayana macho wala mdomo, nimeona vitambaa. Toa wembe.”

Bibi alianza na Bwana Mkubwa. Nyuzi zikaanguka sakafuni, macho ya buluu, mdomo mwekundu. “Kumbe bila macho ni mto wa pini tu,” Bi Ghania alisema, na Bibi akacheka, nami nikalia kwa ajili ya bwana wangu. Akaja mkewe, Bwana Shamba, padri, nesi, kitoto. Akabaki yaya. Bibi alimshika, hakusogeza wembe.

“Huyu mbona ana kidoti karibu na mdomo?” Bi Ghania aliuliza.

“Uzi ulinikosea,” Bibi alisema.

Nilishangaa. Bibi hakuwa mtu wa kukosewa na uzi. Akaomba maji, akanywa, akaanza: jicho, jicho, mdomo, na mwisho kabisa kile kidoti. Nyuzi za wenzake alizifagia. Za yaya alizifunga katika ncha ya leso yake.

Bi Ghania alinyanyua baibui lake kidogo juu ya moshi. “Haya. Sasa nifukizeni,” alisema. Akaenda zake, na neno la Mzee Nasor halikurudi.

Miaka ikapita, njia zikafunguka, mama mdogo wangu akaja kutoka Unguja. Aliniona mlangoni, akashika mdomo. “Mama yako mtupu,” alisema, halafu akanigusa pembeni ya midomo kwa kidole. “Umekosa kidoti tu.”

Nilikwenda kwenye boksi, nikamtoa yaya, nikamwinua mbele ya dirisha. Wembe huondoa uzi, hauondoi tundu za sindano. Mwanga ulipita katika vitundu hivyo: jicho, jicho, mdomo, na kimoja peke yake pembeni.

Ncha ya leso ninayo, na nyuzi zimo. Wajukuu wananiambia, Bibi, si umrudishie macho? Ningemrudishia, wenzangu, lakini siyakumbuki. Uso wa mama yangu ulikaa nami chumba kimoja, ukutani, kila jioni, na mimi kutwa nilikuwa nikimtazama Bwana Mkubwa.