Mabakuli ya Machimboni

Mwezi uliopita nilimpeleka binti yangu uwanja wa ndege, na wakati wa kurudi Moshi nikajikuta nimekata kona kuelekea Mererani. Sikuwa nimekwenda huko tangu nikiwa na miaka tisa. Nikaendesha hadi kwenye ule ukuta mrefu unaozunguka machimbo, nikapaki kando ya barabara, nikafunga madirisha kwa sababu ya vumbi, nikakaa kusubiri machozi. Hata leso nilikuwa nimeshaitoa kwenye mkoba. Robo saa ikapita, nikaona ninachosikia ni njaa tu, nikageuza gari nikaenda kula chipsi Bomang'ombe. Ndivyo nilivyo, rafiki yangu, usinishangae. Kuna mahali ndani yangu palishakufa ganzi zamani, na leo nitakueleza paliganda siku gani.

Enzi hizo ukuta haukuwepo. Kulikuwa na mbuga kavu na vibanda vya turubai, magunia na mabati chakavu, kompresa zikinguruma kutwa nzima, na punda wakileta maji kutoka mbali. Maji yale yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa na watu waliyagombania. Wachimbaji, ambao wote tuliwaita wanaapolo, walitembea weupe kwa vumbi kuanzia nywele hadi kucha, tochi zimefungwa kichwani kwa vipande vya mpira. Na katikati ya vurugu hiyo alikuwepo bibi yangu, mjane wa Kilutheri kutoka Machame, na kitambaa chake safi kichwani, akipika mtori.

Kwa nini alishuka huko, mtu aliyekuwa na migomba, ng'ombe na mfereji unaopita nyuma ya jiko? Babu alikuwa amekufa, kahawa haikuwa na bei, na mashemeji zake walishaanza kutembea kwenye kihamba chake, yaani lile shamba la nyumbani, wakipima kwa macho. Alipotangaza kwamba anakwenda machimboni walicheka. Mjane wa kanisani akatafute nini kwa wanaapolo? Bibi akawajibu, "Nakwenda kupika. Kwani huko watu hawana midomo?" Kesho yake akapakia mikungu ya ndizi kwenye lori.

Mimi nililelewa naye, kwa hiyo likizo ya masika nilishuka naye. Nilimwonea fahari, nakiri. Alipika mtori mzito, ndizi zimepondwapondwa na nyama hadi huoni kipi ni kipi, na harufu yake ikipita juu ya moshi wa dizeli wanaume wakubwa walikuja wakiwa wapole kama watoto wa Sunday school. Pamoja naye walikuwepo wanawake wawili. Mmoja alikuwa jirani yetu wa huku mlimani, mwenye mabega mapana na mdomo usio na breki, aliyepika mbege, pombe yetu ya ndizi. Wa pili alikuwa mama mchekechaji. Huyo alikaa juani siku nzima akichekecha udongo uliotupwa na wanaume, akitafuta vipande vya tanzanite, lile jiwe la bluu, vilivyowapita machoni. Vidole vyake vilikuwa vimepasuka, na jioni bibi alimpaka mafuta ya ng'ombe.

Wanawake hawakuruhusiwa kufika mdomoni mwa shimo. Iliaminika kwamba mwanamke akisogea, jiwe linakimbia. Bibi hakubishana nao. Alisema kazi yake ni matumbo, mashimo ni yao.

Lakini alikuwa na utaratibu wake. Kila mchimbaji aliyekula kwake alikuwa na bakuli lake la bati. Moja lilikuwa na tundu la msumari ukingoni, lingine tone la rangi ya kucha, lingine limebonyea upande mmoja tangu lilipogongwa na punda. Mtu akishakula na kuingia shimoni, bakuli lake halikuoshwa. Liliwekwa kifudifudi kwenye ubao mrefu uliokuwa mlangoni, na lilibaki hivyo hivyo na uchafu wake mpaka mwenyewe atoke, ale tena, ndipo lioshwe na kurudishwa kwenye boksi. Bakuli la kifudifudi lilikuwa mtu aliye chini ya ardhi. Shimo lile halikuwa na daftari wala orodha ya majina. Ubao wa bibi ndio uliokuwa orodha, na hata msimamizi wa shimo, pamoja na kiburi chake, alikuja kuuchungulia kabla hawajawasha baruti.

Nami niliambiwa, tena si mara moja: ubao usiuguse.

Siku mbili kabla ya mambo kuharibika alikuja mchimbaji mpya, kijana kutoka Sanya Juu, mwenye pengo la jino na kicheko cha karibu. Hakuwa na bakuli. Asubuhi ya siku ya tatu bibi alikuwa ameinamia moto, foleni imejaa, nikampa la kwangu, la plastiki, la kijani. Alikula haraka, akalifunika ubaoni mwishoni kabisa mwa mstari, akanichekea. "Nilindie, dada," akasema. Akaenda zake.

Mchana mvua ikaja. Kama hukukulia kwenye mvua huwezi kujua mtoto wa mlimani anavyoyakosa maji akiwa kule. Wiki tatu nilikuwa nimeoga kwa kikombe. Sasa maji safi yalikuwa yanamwagika kutoka kwenye bati la kibanda chetu, bure, mengi, yanapotea mchangani. Bibi alikuwa amekwenda kwa jirani kumsaidia kuokoa mapipa ya mbege yasibebwe. Nikaweka beseni chini ya bati, na lilipojaa niliangalia huku na huku nikitafuta cha kuosha. Nikaona mabakuli machafu. Nilisahau, au sikusahau. Najua tu kwamba nilitaka bibi akirudi akute kila kitu kinang'aa anisifu. Nikayasugua yote kwa majivu, nikayapanga kwenye boksi, na ubao nikaupangusa.

Hapo ndipo kelele zilipoanza. Maji ya korongo yalikuwa yamebadili njia na kumwagikia shimoni.

Msimamizi alisema hakuna mtu chini, zamu yote imeshatoka na wako vilabuni wanakunywa. Alilisema hilo kwa sauti ya mtu anayetaka liwe kweli. Bibi alikuja mbio, kitambaa kimelowa, akaenda moja kwa moja kwenye ubao. Akasimama mbele yake. Kisha akanitazama. Hakunipiga wala hakunikaripia, na mpaka leo natamani angenipiga.

Alifumba macho, akaanza kuhesabu kwa vidole. La tundu, ametoka, alikula saa nne. La rangi ya kucha, hajatoka. Lililobonyea, hajatoka. Aliendelea hivyo, midomo ikicheza, mvua ikimpiga usoni, na alipofumbua macho alisema, "Sita. Wako sita chini." Msimamizi akasema mama usitutie hofu. Bibi alikunja kanga yake kiunoni akaanza kutembea kuelekea shimoni, jirani nyuma yake, mama mchekechaji nyuma ya jirani. Mwanaume mmoja alisimama njiani akinyoosha mikono. Jirani akamwambia, "Toka, au nikuingize humo uwafuate." Akatoka.

Wanawake watatu walishika kamba. Niliwaona kwa macho yangu, miguu imezama topeni, wakivuta kwa sauti moja, wakijipa mwendo kwa wimbo wa kwaya kwa sababu ndio pekee walioujua wote. Wanaume walisimama kidogo wakatazamana, kisha wakaja mmoja mmoja kushika mkia wa kamba. Wa kwanza akatoka, akatapika maji. Wa pili, wa tatu. Sita wakatimia, wote hai. Watu wakapiga kelele, wakambeba bibi juujuu na matope yake, msimamizi akalia hadharani. Kamba ikakunjwa.

Mimi nilikuwa nimesimama karibu na boksi. Nilijua kwamba bakuli la mwisho mstarini lilikuwa la kijani, na kwamba bibi hakulihesabu kwa sababu hakuwa amemwona mtu akilitumia. Nilijua. Neno lilikuwa mdomoni kabisa. Lakini kila mtu alikuwa na furaha, na kulisema ilikuwa lazima niseme pia kwamba niliyeosha ni mimi. Nikajiambia labda ameshatoka. Waliookolewa nao walidhani ametangulia, maana alikuwa akichimba peke yake kwenye njia ya juu. Nikanyamaza. Nikala mtori uliobaki, nikalala, na nililala vizuri.

Asubuhi mtu aliyelala chumba kimoja na yule kijana alikuja kumuulizia. Nikamvuta bibi kanga, nikamwambia sikioni, "Alikula kwenye bakuli langu." Akaniwekea kiganja mdomoni. Kilikuwa kinanuka moshi na kitunguu. "Nyamaza," akasema. "Umeshaniambia mimi. Usimwambie mwingine." Halafu akatoka nje, akasimama mbele ya watu, akasema vyombo ameosha yeye, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyempa bakuli yule wa Sanya Juu kisha akamsahau.

Walimtoa siku ya nne. Kama angevutwa jioni ile angekuwa hai?

Tulikwenda Sanya Juu mimi na yeye. Bibi alibeba jani la isale lililofungwa fundo, ambalo kwetu mtu akikuletea kuomba msamaha huwezi kulikataa. Mama wa marehemu alikuwa amekaa jikoni. Bibi alipiga magoti, akampa jani kwa mikono miwili, akasema, "Ni mimi niliyemsahau mwanao." Yule mama akalipokea. Mimi nilikuwa mlangoni, nimevaa gauni la kanisani, nikitazama kuku. Nadhani ni hapo. Nadhani ni hapo ndipo mahali pale ndani yangu paliposinzia na hapajaamka.

Machimboni hawakumfukuza, ila mabakuli yalibaki ndani ya boksi. Watu walimwamkia kwa heshima na kwenda kula kwingine. Baada ya mwezi tulirudi Machame. Akapalilia kahawa, akakamua ng'ombe, akaimba sauti ya pili kanisani. Mashemeji walipata la kusema, na walilisema. Habari ya watu sita ilisahaulika upesi, ya mmoja ikabaki. Miaka yote hiyo hatukuligusa jambo lile. Akiniona naosha vyombo alikuwa anatoka jikoni.

Tulimzika mwaka juzi, kwenye kihamba chake, ambacho hakuna shemeji aliyekichukua. Ukoo ulinipa kazi ya kuandika wasifu wa marehemu. Niliandika alipozaliwa, alipobatizwa, watoto na wajukuu. Niliandika habari ya kamba na wale sita. Kisha nikaandika kwamba siku ile mabakuli hakuyaosha yeye. Baba mkubwa akavaa miwani akaipitia karatasi, na alipoona neno mabakuli hakufika hata mwisho wa sentensi. "Hii itoe," akasema. "Unataka kumfukua mama yangu kabla hatujamfukia?" Ningeweza kumwambia soma mpaka mwisho. Nikachukua kalamu nikaikata.

Baada ya mazishi, watu wakiwa wanakula, alikuja kwangu kikongwe mmoja akiwa ameshikwa mkono na mjukuu wake. Alikuwa ametoka Sanya Juu. Nilimtambua kabla hajasema kitu: ni yule mama aliyepokea jani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye uliyesoma wasifu?"

"Ndiye mimi."

Alinishika mkono akauweka kati ya mikono yake. "Nataka ujue kwamba bibi yako nilimsamehe siku ileile," akasema. "Usije ukabeba kosa lake."

Kulikuwa na muda wa kutosha wa kusema. Alikuwa ananitazama, hana haraka, na pembeni yetu hapakuwa na mtu ila yule mjukuu.

"Aika, bibi," nikasema. "Asante sana."

Nikamsindikiza hadi kwenye gari, nikamfungia mlango taratibu asibanwe vidole. Niliporudi nilisaidia kukusanya sahani. Mama mchekechaji alishakufa, jirani naye alishakufa, vibanda havipo, na siku hizi nasikia wanawake wana mashimo yao wenyewe na hakuna jiwe linalokimbia. Yule mama wa Sanya Juu alifariki kabla ya Krismasi. Sikwenda kumzika. Nilituma rambirambi kwa simu.