Mume Wangu Kanaswa na Mtego Wake, na Mingine Bado Iko Porini

Admin, jina langu libaki humo kwako. Mimi ni bibi wa miaka sabini na kitu, naishi Handeni, shule niliishia darasa la tatu. Atakayeona nimekosea kuandika anyamaze, sikuja kusahihishwa.

Mume wangu ni mwindaji. Nguruwe pori wakiingia kwenye mahindi ya watu, anaitwa yeye. Anapinda mti, anafunga tanzi la waya, na akishatega hamwambii mtu. Kwa wawindaji wa kwetu mtego ukitajwa umekufa, haunasi hata panya. Hata mimi niliyezeeka naye sijawahi kuambiwa.

Juzijuzi alitoka asubuhi, chakula cha mchana kikapoa. Tungemtafuta wapi? Nani anajua njia zake? Mara tukasikia mbwa wake wanabweka kule korongoni, vile wanavyobweka wakizingira nguruwe. Wanaume wakakimbia na mikuki. Wakamkuta mzee mzima ananing'inia, mguu juu kichwa chini, mbwa aliowafundisha mwenyewe wamemzunguka, mmoja keshamrarua shati. Jirani yetu akaangua kicheko: "Mzee, wewe wa leo tukuite halali au haramu?" Mjinga yule.

Alilazwa Korogwe, mguu unapona. Kinachonichosha si mguu. Alipopata nafuu tu akaniuliza, "Mke wangu, nani kanitegea?" Nikajisemea moyoni ni maumivu hayo. Tumesharudi nyumbani na bado anauliza. Sasa anamsingizia yule jirani, eti ana kijicho. Na mimi ule waya niliushika kwa mikono yangu. Fundo ni lake. Ana kidole kilichokatika tangu ujana, hafungi kama watu wengine.

Nikamwuliza kwa upole, na mimi upole sina: "Baba, mitego mingine uliiweka wapi?"

"Mtego hautajwi! Umeanza lini kuniuliza ya porini?"

Nikamtazama machoni. Hakumbuki alikoiweka. Anajificha nyuma ya mwiko wa babu zake.

Pori lile watoto wa kijiji, na wajukuu zangu wamo, ndiko wanakookota kuni. Nimewakataza, nimewafukuza na fimbo, wananicheka: "Bibi, kwani kuni zako?" Nikiwaambia wazazi wao ukweli, watakwenda kuitafuta hiyo mitego na kuing'oa. Lakini kijiji kizima kitajua mzee kapotewa na akili, na hakuna atakayemwita tena. Hana shamba la maana, hana ng'ombe, ana hilo jina la uwindaji tu. Nikimvua jina hilo mimi mkewe, nitakuwa nimemtegea kweli. Nikinyamaza, siku moja mbwa watabweka tena, na aliyenaswa hatakuwa mzee.

Nyie vijana mnaokimbilia kuandika "pole bibi", pole zenu wekeni. Namtaka mwenye mzee kama huyu ndani ya nyumba. Niseme au ninyamaze? Nishauri, na usikawie, maana leo baada ya chai kaniomba nimnunulie waya mpya.