Chokaa ya Kasmiri

Hoteli ya serikali aliyokuwa akifanyia kazi Dar es Salaam ilipouzwa kwa mtu binafsi, Kasmiri Mihayo alipunguzwa kazini pamoja na wenzake wengi. Kazi yake ilikuwa kutunza tangi kubwa la kioo lililokaa ukumbini, lenye maji ya bahari, samaki na matumbawe hai. Mmiliki mpya aliagiza tangi litupwe. Kasmiri akaliomba, akapewa, akalipakia kwenye treni mpaka Malampaka, stesheni ya kushukia kwenda kwao. Samaki na matumbawe aliwabeba kwenye ndoo, na njia nzima alikuwa akikoroga maji kwa mkono ili wasikose hewa.

Mkewe, Minza, alikuwa amebaki Bariadi miaka yote hiyo akilima pamba na choroko. Alisimama mlangoni akitazama kioo kikishushwa kutoka kwenye pikapu.

"Hawa ni wa kula?" aliuliza.

"Wa kutazama."

Minza alisogeza viti vya sebuleni ili tangi lipate nafasi.

Mwanzoni watu walikuja kwa makundi kuiona bahari ya Kasmiri. Naye aliwaeleza kwa furaha. Maji ya kisima cha mtaani hayakufaa kwa sababu ya magadi, kwa hiyo alikinga mvua, akachanganya na chumvi maalumu iliyoagizwa ng'ambo, maana siku hizo maduka ya Dar es Salaam yalikuwa yameanza kuleta kila kitu. Umeme ukikatika aliendesha pampu kwa betri ya gari. Lakini kazi iliyotaka uangalifu kuliko zote ilikuwa ya chokaa. Matumbawe hujenga miili yao kwa chokaa iliyomo majini, na wakiimaliza lazima warudishiwe. Kasmiri alikoroga chokaa safi kwenye jagi la maji ya mvua, akaiacha itulie, akachota maji maangavu ya juu na kuyadondosha tangini tone kwa tone.

"Ikizidi, maji yanakuwa makali, yanawachoma samaki," alimwambia Minza. "Hapo utie siki kidogo kidogo, yapoe."

Miaka kadhaa ilipita hivyo. Kisha asubuhi moja Minza alirudi kutoka shambani akakuta tangi limekuwa jeupe kama maziwa. Samaki wawili walikuwa wanaelea. Kasmiri alikuwa amesimama mbele ya kioo, amelowa mikono.

"Umetia nini humu?" alimuuliza mkewe.

"Mimi? Ndiyo kwanza naingia."

"Chokaa sijaigusa leo. Ni nani mwingine yumo humu ndani?"

Minza aliliona jagi mezani, tupu, na ukoko wa chokaa chini yake. Alikwenda dukani kununua siki, akaimimina kwa kijiko huku akikoroga, na jioni samaki waliobaki wakaanza kuogelea tena. Usiku Kasmiri alilala amempa mgongo.

Jambo lile lilijirudia kabla ya mavuno. Safari hii Kasmiri hakumuuliza mkewe chochote. Alikwenda moja kwa moja kwa dada yake, Shida, akamwambia kwamba Minza anaweka dawa kwenye maji, na kwamba akimaliza samaki atamgeukia yeye.

Shida alikuja asubuhi iliyofuata, akamwamkia.

"Mwangaluka, wifi."

"Mwangaluka."

Hakukaa. "Wifi, mimi sijasema kitu. Ila maneno yameanza kutembea. Una ugomvi na kaka yangu?"

Minza alijua maneno ya namna hiyo yakishatoka nyumbani huenda wapi. Mwanamke aliyeota mvi kama yeye, akisemwa kuwa ana dawa za uchawi, hakuwa na mtu wa kumshitakia. Aliwahi kuwajua waliohama usiku wakaacha mashamba, na aliwajua waliochelewa kuhama wakazikwa. Aliwaza kufunga nguo zake arudi kwa ndugu zake Nyalikungu. Lakini akiondoka, nani atampikia Kasmiri, ambaye juzi tu alipotea njia ya kanisani?

"Wifi," alisema, "nakuomba kitu kimoja. Kaa hapa leo. Mimi nitakaa nje, sitaingia ndani. Wewe kaa na kaka yako."

Shida alimtazama, kisha akaingia. Minza alikaa uani akapepeta choroko, mahali ambapo wote wawili walimwona kupitia mlangoni.

Kasmiri alikoroga chokaa, akasubiri itulie, akaidondosha kwa utaratibu wake wa siku zote, akamweleza dada yake habari za matumbawe. Akatoka kumsalimu mtu barabarani. Aliporudi alisimama mbele ya tangi, akakunja uso.

"Sijatia chokaa leo," alisema, akalichukua jagi, akalikoroga na mashapo yake, akaanza kulimimina lote.

"Kaka." Shida alimshika mkono. "Si umetia sasa hivi?"

"Lini?"

"Sasa hivi. Nimekaa hapa."

Kasmiri alimtazama dada yake, akalitazama jagi. Hakukasirika. Alikaa kitini polepole, kama mtu aliyeambiwa habari za msiba. Maji yalikuwa yameanza kuwa meupe. Minza aliitwa, akaja na siki.

Hospitali Mwanza walisema ubongo wake unachoka, na kwamba hakuna dawa ya kuurudisha. Shida hakuwahi kumwomba Minza msamaha. Lakini yeye ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba kuyazima maneno, na mvua iliponyesha alikinga maji kwenye mapipa yake akayaleta kwa mkokoteni wa punda.

Minza alijifunza kudondosha dawa ya kupimia kwenye kichupa cha maji ya tangi na kulinganisha rangi, ajue chokaa imetosha. Chokaa aliificha jikoni, akaitia mwenyewe, naye akawa anampa mumewe jagi la maji ya mvua matupu alidondoshe anavyotaka. Matumbawe mengine yalikufa yakabaki mifupa. Mengine yaliendelea.

Ilifika siku Kasmiri alikaa mbele ya kioo kwa muda mrefu, kisha akamgeukia kwa adabu, kama mgeni mbele ya mama mwenye nyumba.

"Mayu, bahari hii ni ya nani?"

"Ni yako, Kasmiri."

"Hapana. Mwenyewe anaitunza vizuri." Akainuka, akatafuta kofia yake. "Nisindikize basi. Kwetu watanitafuta."

Minza alimshika mkono. Walitoka kwa mlango wa mbele, wakazunguka ua wote taratibu, wakapita zizini na kwenye mapipa ya mvua, naye akamwingiza nyumbani kwa mlango wa jikoni.

"Tumefika," alimwambia.