Meza ya Fundi Mfaume

Mwezi wa Machi 1949 nilimzika mke wangu, Mwanaidi. Wiki iliyofuata nilianza ukarani katika ofisi ya leseni za kuingiza bidhaa, Dar es Salaam. Karani Mkuu, mtu wa bara aliyepiga pasi hata tai yake, alinionyesha makabati mawili.

"La kushoto ni maombi ya vitu vya Kiingereza. Hayo tunayamaliza hapa. La kulia ni vitu vya kwingine. Hayo yanamalizwa London."

Nyie mnaosoma leo mtashangaa. Tanganyika ilikuwa na bandari na forodha, lakini haikuwa na uhuru wa kuchagua inunue kwa nani. Mtu akitaka kitu cha Japani, tulijaza fomu, Mkuu wa Idara, Mzungu, akaandika maoni yake, kisha faili likasafiri.

Nilikaa Temeke. Aliyebaki kuwa ndugu yangu pale mjini alikuwa shemeji yangu Mfaume, kaka wa marehemu, fundi cherehani. Kila jioni alikuja kwangu kula. Alipika yeye, maana wali wangu ulikuwa uji.

Mwaka wa pili Mfaume aliomba cherehani ya Japani. Ya Kiingereza bei yake hakuiweza. Fomu niliijaza mimi. Mkuu wa Idara akaandika, "Napendekeza akubaliwe," akatia sahihi kubwa chini yake. Sikungoja jibu la London. Jioni nilimwambia Mfaume, "Tengeneza meza, shemeji. Imepita."

Aliuza cherehani yake kuukuu. Akaagiza meza ya mninga yenye tundu la kukalishia mashine, kipimo kimetoka kwenye kitabu cha picha za bidhaa.

Baada ya miezi mingi London walijibu: hapana, anunue ya Kiingereza.

"Lakini Mkuu ametia sahihi," nilimwambia Karani Mkuu.

"Amependekeza, bwana. Sisi hapa ni watu wa kupendekeza. Umekaa na makabati haya muda wote huo hujalijua hilo?"

Nilimweleza Mfaume siku ileile. Kwanza alicheka.

"Yaani Mzungu mzima, na soksi zake mpaka magotini, hana amri ya cherehani moja?"

"Hana."

"Na wewe, shemeji? Hukujua?"

"Nilidhani sahihi yake inatosha. Kosa ni langu."

Alikuwa ameshanawa. Akajifuta mikono, akaondoka bila kugusa chakula. Kesho yake hakuja, wala keshokutwa. Nilikwenda kwake mara mbili; alinijibu salamu, basi. Kisha nilihamishiwa Tanga, halafu Mtwara. Nilimwandikia barua. Hakujibu.

Baada ya Uhuru makabati yale ya Dar es Salaam yaliunganishwa. Maombi ya vitu vya Japani yalitiwa sahihi ghorofa ya juu ya ofisi ileile, na sahihi ikawa ndiyo jibu. Mimi niliendelea na ukarani hukohuko Mtwara mpaka nikastaafu. Mambo ya serikali zile mbili, ya Mwingereza na ya Uhuru, wapo waliosoma watakaoyaeleza. Mimi najua nilimwahidi mtu kitu ambacho hata mkuu wangu hakuwa nacho.

Niliporudi Temeke nilibisha hodi nyumbani kwa Mfaume. Alifungua mwanamke nisiyemfahamu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Namuulizia fundi Mfaume."

"Aliyetuuzia nyumba? Alirudi kwao Kilwa zamani. Tulisikia amefariki. Wewe nani yake?"

"Shemeji yake."

Akanikaribisha uani, akanipa maji. Aliyachota kwenye mtungi uliokuwa juu ya meza ya mninga. Umekaa sawasawa ndani ya lile tundu, hautikisiki.