Pua ya Muadhini

Nina aleji ya pua, na mimi ni muadhini. Vitu hivi viwili havipaswi kukutana mbele ya kipaza sauti, lakini kwangu vilikuwa vikikutana karibu kila adhuhuri.

Aliyepiga chafya husema Alhamdulillah, na aliyemsikia humwombea rehema. Ulimi hauna mfupa. Nilikuwa nikipiga chafya katikati ya adhana, nikimshukuru Mungu kwenye spika, na wenye maduka wa mtaa wetu wa Kamunyonge wakiniitikia kutoka vibarazani mwao. Baada ya muda hata majirani zangu Wakristo walijua kuitikia. Mwenyekiti wa msikiti hakucheka. Aliniambia kwamba adhana si mazungumzo, na kwamba mambo yakiwa hivi hadi Ramadhani, kazi atapewa fundi baiskeli, mtu ambaye hajawahi kuonekana na leso. Niliumia sana. Mimi ni fundi cherehani. Hakuna mahali pengine ninaposikilizwa.

Daktari aliniandikia dawa ya kupuliza puani, akaniambia nivae barakoa ninapokata vitambaa, nifanye mazoezi na nitafune vitamini C. Alisema mazoezi na vitamini huwasaidia baadhi ya watu, ila haviponyi. Nilimweleza kwamba naswali mara tano kwa siku, kwa hiyo kuinama na kuinuka si jambo geni kwangu. Akasema hayo ni ya Mungu, yeye anataka nitoke jasho.

Basi nikaanza kukimbia asubuhi kuelekea Makoko, kwenye hewa ya ziwa. Sikuwa na bukta, na hata ningekuwa nayo, muadhini hakatizi mitaani mapaja nje. Nilikimbia na kanzu, nimeishika pindo. Mji huu ukimwona mtu wa msikiti anakimbia na kanzu asubuhi, unajua jambo moja tu: msiba. Mama mmoja muuza samaki aina ya sato alitua beseni akauliza nani amefariki. Nikamjibu kwamba nafanya mazoezi ya pua. Alinitazama kwa huruma, akanipa pole hivyo hivyo. Kesho yake wanaume wawili walinifuata mbio hadi ufukweni, wamebeba majembe.

Niliendelea kukimbia, kupuliza na kutafuna. Mwezi wa Shabani ulipoingia, pua ilikuwa imefunguka. Adhuhuri moja niliadhini tangu mwanzo hadi mwisho bila chafya, na sauti iliyotoka nilikuwa siijui hata mimi. Mwenyekiti alinipa mkono. Fundi baiskeli alirudi kwenye spoku zake.

Nilikwenda nyumbani kwa mwendo wa mtu mwenye mji wake. Mama yangu haoni tena wala hatoki kitandani, na kila nikirudi hunipokea kwa neno la kuisifia adhana. Siku hiyo nilimkuta amegeukia ukutani, mashavu yamelowa.

“Wamekutoa, mwanangu?” akauliza.

Nikamwambia hakuna aliyenitoa, aliyeadhini ni mimi.

“Usinidanganye. Sauti yako huwaga imeziba. Yule wa leo anaadhini vizuri.”

Nilikaa kitandani kwake nikaianza adhana upya, taratibu. Mama alinyoosha mkono, akaniwekea vidole kooni, na hakuviondoa hadi nilipomaliza.