Kapi la Pili, Kisima cha Ihumwa

Nimewahi kukata utambi wa baruti kwa meno, moto ukiwa shibiri moja kutoka puani.

Msinisifu.  Chini ya kisima hakuna pa kukimbilia, na visu wanyapara walishatunyang'anya.

Naitwa Yoramu. Shule yangu ni masika moja tu kwa wamisheni. Kuhesabu na kuandika jina, basi.

Enzi hizo Mjerumani anasukuma reli yake, akataka kisima hapa kwetu Ihumwa, cha kunywesha gari moshi.

Gari moshi linywe! Watu wenyewe tunafukua mchanga wa mtoni kutafuta maji.

Pima kumi chini tukagonga mwamba. Kazi yangu ikawa hii: nashushwa kwa ndoo kubwa, natia baruti kwenye tundu, nawasha utambi, narudi ndooni, natikisa kamba. Juu, kamba inapita kwenye kapi, lile gurudumu lenye mfereji, na watu wanne wanatembea nayo kwenda mbali na kisima.

Hatua ishirini na nne, niko nje. Utambi wa dhiraa mbili ulitosha na kubaki.

Kwa nini nilikubali? Mwasha baruti alipewa kibaba cha unga cha ziada, nami nilikuwa na Yudith, binti yangu, meno ya mbele hayajarudi. Mama yake, Anyesi, alikufa nikiwa kazini. Nilipoomba ruhusa nikamzike, Seth, mnyapara wetu, alinijibu hivi:

"Maiti haikimbii."

Nilifika kaburi limeshaota nyasi. Kwa hiyo nikifa mimi, mtoto hana mtu.

Siku moja wavutaji wawili wakahamishiwa kambi ya Zuzu. Mjerumani wa kisima, tuliyemwita Miwani, akaleta kapi la pili, akalifunga kwenye ndoo. Akaunga kamba nyingine, ikashuka, ikalizunguka, ikapanda tena, ncha ikafungwa mdomoni mwa kisima.

"Sasa wawili watafanya ya wanne," akasema.

Tukajaribu kwa ndoo ya mawe. Kweli bwana! Watu wawili wanavuta kama wanavuta mbuzi. Watu wakashangilia, na mimi nikiwemo.

Bashiri, Mrangi wa Kondoa aliyewahi kupakia meli pwani, ndiye pekee hakucheka.

"Umehesabu hatua zao?" akaninong'oneza.

"Za nini?"

"Mgogo wewe! Ng'ombe mia unamjua kila mmoja kwa rangi yake, hatua ndiyo zikushinde? Kapi halina huruma. Likikupunguzia uzito, linakuongezea safari."

Sikumwelewa. Seth naye akapiga hesabu yake mwenyewe: mzigo umekuwa mwepesi, basi mtu atapanda upesi. Akakata utambi dhiraa moja.

"Mnyapara, mbona mfupi?"

"Si unapanda kama mwewe sasa? Shuka, usinichoshe."

Nikashuka.

Nikawasha. Nikaruka ndooni. Nikatikisa kamba.

Juu, Bashiri akaanza kuhesabu hatua kwa sauti, makusudi nimsikie.

"Moja! Mbili! Tatu!"

Napanda. Polepole, lakini napanda.

"Kumi!"

Siku zote kwenye kumi nakuwa nakaribia katikati. Nikatazama chini. Nimepanda urefu wa watu wawili tu. Nikatazama juu. Mdomo wa kisima bado mdogo kama sahani.

Somo likaniingia lote kwa mpigo. Kamba sasa ni mbili. Wao wakipiga hatua nzima, mimi napata nusu. Ishirini na nne zimekuwa arobaini na nane. Na utambi, badala ya kurefushwa, umefupishwa!

Nitafika juu, ndiyo. Vipande vipande.

Kila kiungo mwilini kilitaka kwenda juu. Nikaruka chini.

Kifundo cha mguu kikalia ko! Nikatambaa kwa magoti kuifuata ile cheche. Vidole vikashindwa, utambi mgumu kama ukambaa. Nikauma mbele ya moto. Nikatafuna. Katika wewe, katika! Ukakatika. Cheche ikaniunguza mdomo, ikazima.

Giza. Nilijikojolea, na sioni aibu kusema.

Waliponitoa, Seth alikuwa ananingoja na kiboko mkononi. "Umeharibu kazi!"

Miwani akatazama saa yake. "Utambi umebaki kiasi gani?"

"Nusu dhiraa, Bwana," nikajibu.

"Unatosha. Rudi."

Mnasikia? Rudi!

"Bwana, nina mtoto."

Akainamia daftari lake.

Nikaingia ndooni nachechemea. Hapo nikamwona Bashiri analifungua kapi la pili, analitupa pembeni, anaifunga kamba moja kwa moja kwenye ndoo.  Akanikonyeza.

Chini, nikapiga kiberiti. Cha kwanza kikazima. Cha pili kikashika. Ndooni. Kamba!

Jamani, nilirushwa. Ndoo inagonga ukuta, ngozi ya kiwiko inabaki kwenye jiwe, mara natupwa juani. Nyuma yangu ardhi ikanguruma, kisima kikatapika mawe.

Nilipofumbua macho nikaona kamba imeshikwa na watu kumi. Wachimbaji wote walitupa majembe wakakimbia nayo bila kuamriwa. Uzito wote waliubeba wao, ili safari yangu iwe fupi.

Nikadhani Miwani ameelewa. Akafunga saa yake, akatabasamu.

"Mnaona? Kapi la pili linafanya kazi vizuri sana."

Lilikuwa limelala kwenye vumbi, kando ya buti lake.

Watu wale wakala viboko vitano vitano kwa kuacha majembe. Kisha Seth akatoa ushauri: kwa kuwa kapi ni zuri hivyo, mvutaji mmoja anatosha.

Sikungoja kuona. Jioni ile ile nilimbeba Yudith mgongoni, tukashika njia ya Kondoa kwa ndugu zake Bashiri.

Ndugu zangu, mkubwa akikwambia amepunguza mzigo, usishangilie haraka. Uzito uliotoka mikononi umehamia kwenye kamba, na mwisho wa kamba kuna mtu ananing'inia.